Vidole vya Mama

Mpaka leo, dagaa wakianza kunukia jikoni, huwa najikuta natazama vidole vyangu.

Mama alikuwa mke wa katekista wa kijiji chetu kando ya ziwa. Wanawake walimsalimia kwa kupiga magoti, naye hakuwahi kula nyumbani kwa mtu. Kila Jumapili baada ya sala, mimi na yeye tulimpelekea chakula bibi mmoja mwenye ukoma, aliyeishi peke yake nyuma ya mashamba ya mihogo. Desturi ilikuwa kukiweka juu ya jiwe, kumwita, kisha kuondoka haraka.

Siku hiyo bibi alitoka kabla hatujageuka.

"Mama katekista," alisema taratibu, "mbwa ndiye anayewekewa chakula akaachwa. Mimi nimebatizwa kama wewe."

Kanga ilimteleza mama begani. Kisha akakichukua kile chakula, akaingia naye ndani, akapiga magoti, akainawisha ile mikono isiyo na vidole. Akafanya ishara ya msalaba. Wakala ugali na dagaa katika bakuli moja. Nilibaki mlangoni, nikiutazama mkono wa mama ukienda mdomoni.

Wiki ile sikulala vizuri. Kila alfajiri nilimwendea mama akiwa usingizini, nikamgusa kidole kimoja kimoja. Jumapili akafumbua macho, akanikuta nimeshika kidole gumba.

"Vyote vipo," alisema. "Nenda kanawe mikono. Leo na wewe utakula naye."