Siku Niliyomkumbatia Mama Mkwe kwenye Banda la Video

Nyie chekeni tu, nimeshazoea. Miaka ile ya tisini nilikuwa napita njia za nyuma kwenda sokoni Mpanda kwa aibu, na yote kwa sababu ya filamu moja ya kizamani isiyo na rangi wala bunduki, ambayo niliichagua mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Masanja, rafiki yangu mwenye banda la video, aliletewa kanda mbili kwa treni, moja mpya yenye majini na damu tele, nyingine ya zamani, na mimi (kwa mdomo huuhuu) nikasema mbele za watu aweke hiyo ya kizee tucheke, maana haitishi hata kuku. Masanja akanijibu taratibu, "Hizi mpya zinakuonyesha jini mapema, unalizoea. Hiyo inakuonyesha mlango tu."

Sasa mjue kwamba posa yangu kwa Kabula ilikuwa imepokelewa, bado kutajiwa mahari, na kwetu Wasukuma mama mkwe humgusi wala humkaribii, ukimwona njiani unaingia porini. Na mjue jambo lingine ambalo mimi sikulijua: filamu ilipokwisha kuanza, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, Kabula aliingia na mama yake aliyekuja mjini kutoka Kasekese, wakakaa benchi la mbele yangu.

Basi, kwenye filamu mwanamke yuko peke yake ndani ya nyumba. Sisi tunamwona mtu kasimama nje ya mlango, yeye hamwoni, anafuta zake vyombo, na hakuna muziki, hakuna kelele, kitasa tu kinazunguka polepole, na mimi niliyekuja kucheka nimeshika benchi kwa mikono miwili. Mwanamke akanyoosha mkono afungue. Jenereta likazima.

Giza, kimya, halafu mkono ukanishika bega (Masanja huyo, anapapasa njia kwenda kwenye jenereta). Nikapiga yowe, nikaruka benchi, nikamkumbatia wa mbele kwa nguvu zangu zote huku naita mama. Mtu akavuta blanketi, mwanga ukaingia, nikasikia sauti ndogo, "Niachie, baba. Mimi ni mama yake Kabula."

Nilikimbia mpaka stesheni. Nilijua posa imekufa, na Kabula nilimpenda, siwadanganyi, nililia.

Wazee wakanitoza mbuzi. Nikampeleka huku nimeinamisha kichwa, nikasimama uani kwao, mama mkwe yuko ndani nyuma ya pazia. Kabula akatoka ameziba mdomo kwa khanga.

"Mama anauliza, yule mwanamke alifungua mlango?"

Jenereta siku ile halikuwaka tena, na kanda ilikuwa imesharudi na treni. Nikasema sijui. Akaingia, akatoka tena.

"Anasema mahari utatajiwa ukileta jibu."

Kila niliyemuuliza hajui, hata Masanja hakuwahi kuimaliza, basi nikatunga, nikarudi nikasema hakufungua. Nyuma ya pazia nikasikia kicheko, kisha, "Mwambie yule mwanamke ana akili. Mimi ningefungua."

Nilimwoa Kabula. Watoto wetu wanaangalia filamu za siku hizi huku wanakula ubwabwa, hawashtuki. Mimi nimeapa: ikiwekwa ya kizamani, nakaa benchi la mbele kabisa, mbele yangu pasiwe na mtu.