Gari Lililovuta Kushoto

Nilijifunza kuendesha gari nikiwa nimeshavuka miaka arobaini, na mwalimu wangu alikuwa mume wangu. Simshauri mtu kufanya hivyo.

Tulikuwa tumehamia Songea kutoka Singida. Mimi nafundisha sekondari. Yeye ni afisa ugani, na kazi yake humpeleka kwa wakulima wa tumbaku na mahindi huko Namtumbo na wakati mwingine mbali zaidi. Gari letu dogo tulilinunua mkononi kwa mtu. Jumapili, baada ya ibada, tulikuwa tunatoka nalo nyumbani Mjimwema hadi kipande cha barabara tulivu huko Ruhuwiko, halafu ananiachia usukani.

"Nyoosha gari, Mama. Unaelekea mtaroni."

Nanyoosha. Punde si punde linarudi kushoto. Navuta kulia, linazidi, nalirudisha. Tukawa tunayumba kama watu waliotoka kilabuni. Siku moja aliniambia mikono yangu ni mizito. Siku nyingine, kwamba naangalia karibu mno. Siku nyingine, kwamba nina woga. Yote niliyakubali, maana woga kweli nilikuwa nao. Nilirudi nyumbani mabega yanauma, nikaanza kuamini kwamba kuna watu hawakuumbiwa kuendesha na mimi ni mmoja wao.

Halafu tukaenda msibani Namtumbo, yeye akiendesha. Mimi nimekaa pembeni sina kazi, nikaona niangalie mikono yake, labda nitajifunza kitu. Barabara ilikuwa imenyooka mbele yetu, lakini usukani ulikuwa umekaa upande: mkono wake wa kushoto juu, wa kulia chini.

"Baba, hapa tunakata kona?"

"Kona gani?"

"Mbona umeushika usukani kama unakwenda kulia?"

Aliitazama mikono yake. Nafikiri ndiyo kwanza aliiona.

"Barabara imeinama," alisema. "Wanazijenga hivyo ili maji yatoke."

"Basi tukajaribu pasipoinama."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwenye uwanja mmoja tambarare. Aliendesha taratibu, akauachia usukani. Gari likashika njia yake kushoto. Akarudia, likafanya vilevile. Akalisimamisha, akasema mwenyewe:

"Kumbe siyo wewe peke yako."

Hilo "peke yako" liliniudhi mpaka tukafika nyumbani.

Tulilipeleka gereji mjini. Fundi, mtu mnene asiye na maneno mengi, alianza kwa kupima upepo wa matairi, akaongeza mahali ulipopungua. Kisha akapitisha kiganja ndani ya tairi la mbele, upande wa kushoto.

"Nje zima, ndani kipara," alisema. "Gurudumu halijakaa sawa."

Akapiga jeki, akalishika gurudumu kwa mikono miwili na kulitikisa. Likagonga: ko, ko.

"Gari liligonga kitu?"

Mume wangu alijikuna shingo. "Kabla ya Krismasi. Nilikuwa natoka Nakapanya, kule mbele ya Namtumbo, nikamkwepa mtu wa pikipiki, nikaangukia shimoni."

"Hukuniambia," nikasema.

"Si lilikuwa linatembea?"

Fundi alituonyesha kile chuma kinachopeleka nguvu ya usukani kwenye gurudumu, ambacho wao hukiita tairodi. Kiungo cha mwisho wake kilikuwa kimelegea. Mume wangu alikuwa na haraka, akataka alaimenti tu kwa siku hiyo, yaani magurudumu yanyooshwe, kiungo kisubiri.

"Naweza," fundi alisema. "Mtatoka hapa mmenyooka, mkifika Mjimwema mmepinda."

"Libaki," nikasema mimi. Tukarudi nyumbani kwa miguu.

Tulipolifuata, kiungo kipya kilikuwa kimefungwa. Fundi aliubana usukani katikati usicheze, akafunga vipimo kwenye magurudumu, akaingia chini. Alikuwa anazungusha nati kidogo, anatoka kuangalia kioo cha mashine, anaingia tena, mpaka akaridhika. Mume wangu akalichukua kulijaribu, fundi akiwa pembeni yake. Walirudi mume wangu amekunja uso.

"Sasa linavuta kulia!"

"Halivuti," fundi akamwambia. "Unalivuta wewe, bosi. Mikono yako imezoea."

Nikaomba funguo. Mume wangu alinitazama, akanipa.

Niliendesha kutoka gereji mpaka nyumbani. Usukani ulikuwa mwepesi, mikono yangu miwili imelingana, na gari likaenda nilikoliangalia. Nilihisi mabega yakishuka yenyewe. Mume wangu hakusema "nyoosha" hata mara moja. Hata hivyo gari lilinizimikia katikati ya mwinuko, honi zikalia nyuma yetu, na kuingia getini nilishindwa kabisa nikampisha yeye. Hayo yalikuwa yangu, siyo ya gari, na nilijifunza polepole mpaka nikapata leseni.