Majoho ya Chekechea

Majoho yaliletwa na mimi. Shule ya chekechea iliyo karibu na kibanda changu cha ushonaji, hapa Mlabani, ilitaka mikanda tu, ile ya kupitisha begani, ili watoto wanaokwenda darasa la kwanza wajulikane siku ya kuagwa. Mwalimu mkuu, mama mpole asiyependa maneno mengi, alikaa kwenye benchi langu akanieleza rangi anazotaka. Mimi nikachukua simu nikamwonyesha picha niliyotumiwa na dada yangu kutoka Morogoro: watoto wa miaka sita wamevaa majoho meusi na kofia za pembe nne, utadhani wanatoka chuo kikuu.

"Madam," nikamwambia, "siku hizi wanavaa hivi. Mikanda imeshapitwa."

Aliitazama ile picha kwa muda, kisha akauliza kama nitaweza kuyashona. Sikuwa nimewahi kushona joho hata moja. Nikasema ninaweza.

Miezi ya mwisho wa mwaka ni migumu kwa fundi cherehani wa Ifakara. Mpunga wa watu umeshauzwa, wengi wanahangaika na kuandaa mashamba, na nguo mpya hazikumbukwi mpaka Krismasi ikaribie. Kazi ile ilinifaa sana, na watoto walipendeza. Mwaka uliofuata mzazi mmoja akaleta keki ya mtoto wake. Mwaka wa tatu karibu kila mtoto alikuwa na keki yake, juu ya meza yenye kitambaa cha kung'aa. Akaja mpambaji na maua ya plastiki, akaja mshereheshaji wa kukodi, akaja mpiga picha anayezitoa papo hapo. Getini pakawa kama gulio: maputo, mashada ya shingoni, fremu, kadi ukizifungua zinaimba.

Mimi mwenyewe nilimaliza darasa la saba katika shule ya kijiji, upande wa Mkula. Siku ya kuagwa tulifagia uwanja, tukaimba, mwalimu akatupa nasaha ndefu juani, kisha tukala wali na maharage waliyopika mama zetu. Sitaki kuipamba siku ile. Nilivaa sare ya kuazima yenye kiraka begani, na darasa zima lilijua ni ya nani. Aibu ilikuwepo hata wakati huo, ila haikuwa na kipaza sauti.

Mwaka huo wa tatu ndio binti yangu wa mwisho alikuwa anamaliza. Rafiki yake mkubwa alikuwa binti wa jirani yangu, nyumba ya pili kutoka kwetu. Jirani huyo huchukua samaki Kivukoni asubuhi, jioni anawakaanga kando ya barabara. Mumewe anakaa shamba sehemu kubwa ya mwaka. Mabinti wetu walikwenda shule pamoja na kurudi pamoja. Nilipokuwa napima watoto, mmoja mmoja, binti wa jirani hakuletwa. Nikamfuata mama yake pale kwenye karai lake la mafuta nikamwambia amlete, nitamshonea bila kumdai.

Aligeuza samaki wake kwanza. "Dada, ada nimelipa mpaka ya mwisho," akasema. "Sherehe ndiyo imenishinda. Ukimvika joho, keki ataletewa na nani? Na picha? Na wageni wake watakaa meza gani? Acha tu, nitamwambia kitu."

Nikaacha. Ningeweza kusema zaidi, lakini nilikuwa na majoho mengi yanayonisubiri, na nadhani nilifarijika kwamba nimeshajitolea na nimekataliwa.

Mama yangu alikuja kwa ajili ya mahafali. Anaishi upande wa Mahenge, na tangu daraja la Kivukoni lilipojengwa, safari haimpi hofu kama enzi za kuvuka mto kwa pantoni. Nilimwogopa kidogo. Nilijua atauliza mtoto wa miaka sita anahitimu nini. Usiku wa kuamkia sherehe alilichukua joho la mjukuu wake, akalipitisha mikononi taratibu kama mtu anayetafuta tundu. Mama aliishia darasa la nne, akatolewa aje kulea wadogo zake.

"Ningepata picha yako umevaa hivi," akasema, "ningeitundika penye mlango, kila anayeingia aione."



Siku yenyewe joto lilikuwa kali na majoho ya satini yaliwachosha watoto kabla hata ya kuanza. Mshereheshaji alikuwa kijana mcheshi, anaita jina, mtoto anapanda jukwaani, wazazi wanakwenda na mashada na muziki wao. Binti yangu alipopanda, mama yangu alicheza mpaka kitenge kikamfunguka, na mimi nilifurahi kama mzazi yeyote. Mtoto alikuwa bado jukwaani, anapigwa picha, mshereheshaji alipoita jina linalofuata. Lilikuwa la binti wa jirani. Hakuna aliyekuwa amelifuta kwenye orodha.

Akaita mara ya pili. Kisha akatania kwamba huyu naona ameanza likizo mapema, na watu wakacheka. Binti yangu akakisogelea kipaza sauti, akasema kwa sauti aliyofundishwa kusomea shairi:

"Yupo nyumbani. Joho lake fundi hajamaliza kulishona."

Watu walinigeukia. Karibu wote walijua fundi ni nani. Mwalimu mkuu alinitazama, akainamisha kichwa. Yeye alijua ukweli, mama wa mtoto alikuwa amemwambia kwamba sherehe imemshinda. Mshereheshaji akapandisha muziki na jina lingine likaitwa. Nilikaa hapo mpaka mwisho, nikakata keki, nikapigwa picha, na katika picha zote nimetazama pembeni.

Tulipotoka sikwenda nyumbani. Nilimwachia mama mtoto, nikaenda kwa jirani. Alikuwa uani anaparua magamba, na aliponiona tu akajua habari imefika.

"Nisamehe," akasema. "Alinililia juzi. Ningemwambia nini? Kwamba mama yake hana? Nikaona wewe ni mtu mzima, utabeba."

Kabla sijamjibu, mtoto akatoka ndani. Nikainama, akanishika kichwa kunisalimia, shikamoo yake ya taratibu, nikaitikia. Kisha akauliza, bila hasira yoyote, kama joho lake limeisha.

"Bado, mwanangu," nikasema. "Kitambaa kilinipungukia. Kosa ni langu."

Mama yake aliendelea kuparua magamba, hakuinua uso. Ule ulikuwa uongo wake, lakini niliposema kosa ni langu sikuona kama nadanganya.

Nililishona wiki hiyo hiyo. Nilipompelekea, mtoto alilivaa akakataa kulivua. Jumapili nzima alikaa nalo kando ya karai la mama yake, kofia imemfunika masikio, na wateja wakimwita msomi. Liliponirudia kupunguzwa pindo lilikuwa linanuka samaki, na nililifua mara mbili.

Mwaka jana, kwenye kikao cha wazazi, niliomba nafasi ingawa sikuwa tena na mtoto pale. Nilipendekeza majoho yawe mali ya shule, yarithishwe, na keki iwe moja ya wote. Baba mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alisimama, akasema kwa adabu kabisa, "Fundi, wa kwako ameshapita, sasa sisi ndio utuzuie?" Mama mwingine akasema yeye hajawahi kusherehekewa kwa lolote maishani, na hii ya mwanawe hataipunguza. Nilitaka kumbishia, nikamkumbuka mama yangu na lile joho mikononi, nikakaa.

Mwalimu mkuu ndiye aliyeamua. Majoho yawekwe shuleni, avae anayetaka bila kuulizwa. Anayetaka jipya ashone. Keki aliziacha kama zilivyo, alisema hawezi vita viwili kwa pamoja. Niliwafuata wazazi wa miaka ya nyuma nyumba hadi nyumba kuomba majoho yaliyokaa masandukuni. Wengine walinipa, wengine walikataa kwa kuwa ni kumbukumbu. Jirani yangu alileta mwenyewe lile la binti yake, limekunjwa ndani ya kanga.

Siku ya mahafali watoto walitoka wa aina mbili, majoho yaliyopauka na yaliyo mapya, na ukitazama vizuri tofauti inaonekana. Keki zilikuwa nyingi kuliko wakati wowote. Lakini orodha iliposomwa, kila jina lilipata mtu wa kupanda jukwaani.