Kidude katika Pindo la Kikwembe

Angèle alikuwa mshonaji pale Birere, mtaa wa Goma, na mama yake, mzee Nyiramahirwe, alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Akikuta mlango wazi, alitoka kwenda kwao Masisi kukamua ng'ombe. Ng'ombe wenyewe waliliwa zamani, wakati wa vita, Angèle akiwa mdogo.

Angèle alipochoka kuzunguka mitaa akimtafuta, jirani yake Rémy, fundi simu, alimletea kidude kidogo kama kiberiti, kile wanachoficha chini ya kiti cha pikipiki ili wezi wasipotee nayo. Ukikipigia, kinakutumia mesaji ya pale kiko.

"Mama yangu si pikipiki," Angèle alisema.

"Pikipiki iko na akili, mama. Haitokake bila mutu."

Angèle akakishona katika pindo la kikwembe, kitenge alichojifunga mama yake, na kwa muda akapumua.

Halafu Nyiragongo, ule mlima wa moto, ikapasuka. Siku mji ulipoambiwa uhame, Goma nzima ilikuwa kwenye barabara ya Sake. Angèle alikuwa na cherehani kichwani. Aliachilia mkono wa mama yake kidogo tu, aishike vizuri isianguke. Alipogeuka, mama hayuko.

Akakipigia kidude. Kikajibu: Sake, karibu na soko. Akatembea na miguu iliyovimba mpaka akakiona kikwembe kile cha maua ya njano chini ya ukuta. Ndani yake mlikuwa na mtoto mchanga.

Mama wa mtoto, binti aitwaye Umuhoza, aliogopa. "Koko mumoja, bibi muzee, alinipatia yeye mwenyewe. Nilizaa hapa hapa njiani."

Angèle hakushangaa. Mwanamke akizaa njiani, wamama wanavua vikwembe kumfunika mtoto, na hakuna anayerudi kudai chake.

"Na yeye alienda wapi?"

"Alisema ngombe zinalia. Akapanda ile njia ya Masisi."

Angèle alifumua pindo kwa meno, akatoa kidude, kikwembe akamwachia mtoto. Cherehani pia aliiacha hapo kwa Umuhoza, maana shingo ilikuwa imekataa. Akapanda kilima. Alimkuta mama yake amekaa juu ya jiwe, na sketi ya ndani tu, amekasirika.

"Umechelewa," mama alisema. "Maziwa imeganda."

"Unisamehe, mama."

Miaka michache baadaye waasi waliingia mjini. Watu wakatoka tena na magodoro yao, na rezo ya simu ikakatika. Angèle alikipigia kidude mara nyingi, mama akiwa mbele yake, akijaribu tu. Kimya. Basi akachana kitambaa kirefu, akafunga kiuno cha mama yake na chake.

"Umenifunga sawa na ngombe," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Basi usivute. Ngombe ukimuvuta anakataa."

Angèle akalegeza kitambaa, akamngoja aanze yeye.