Kwenda Tandika Kufuata Kadi ya Pikipiki

Niliondoka Kibamba asubuhi ile kwa sababu mbili. Ya kwanza nilimwambia mke wangu: nakwenda Tandika kufuata kadi ya pikipiki, maana pikipiki bila kadi si mali, ni mashaka yenye magurudumu. Ya pili sikumwambia, ingawa naamini aliijua. Nilitaka watu walioniuzia waone kitu walichokuwa wamekiacha kwenye banda la kuku kimekuwaje mikononi mwangu, na wajute.

Pikipiki yenyewe ni ya Kijapani, ya zamani, yenye tangi la mviringo, ya aina aliyokuwa nayo bwana shamba wa kata yetu kule Iramba nilipokuwa mwanafunzi. Kila Jumamosi nilikuwa nikimwoshea kwa matumaini ya kupakiwa, na hakunipakia hata siku moja. Mtu anaweza kumaliza kidato cha nne, akafanya ukarani wa stoo mpaka akastaafu, akapata wajukuu, na bado moyoni akawa anasubiri kupakiwa. Ndiyo maana niliposikia iko moja Tandika, inauzwa kwa bei ya baiskeli, sikuuliza maswali ambayo karani wa stoo hupaswa kuyauliza.

Ilipofika kwangu haikuwaka. Fundi Masanja, jirani yetu mwenye gereji chini ya mwembe wa shule, aliifungua yote akaitandaza juu ya gunia. Tulibadilisha kabureta, cheni, spoki na siti. Tangi lilipigwa msasa mpaka likaonyesha bati, kisha likapakwa rangi nyekundu ile ile ya bwana shamba. Kitu kimoja tu kiliniudhi. Upande wa kushoto, chini kabisa, palikuwa na kipande cha bomba kilichopindwa na kuchomelewa kwenye fremu, kimevishwa mpira wa tairi. Kilikuwa kikanyagio, lakini si cha kiwandani. Kilining'inia pale kama kidole cha sita.

Mke wangu, Mama Neema, alikuja kukitazama akiwa ameshika sufuria.

"Hiki nimekipenda," alisema. "Hata mie na magoti haya ningepanda."

"Mama Neema, hii ni pikipiki, si ngazi ya ghala," nilimjibu, na Masanja akacheka. Kesho yake kikakatwa.

Saa mbili asubuhi nilikuwa Mbezi Mwisho, nimejibanza nyuma ya lori la kokoto ili trafiki asinione, kwa kuwa kadi sikuwa nayo. Nikakata kulia kushika barabara ya Malamba Mawili. Ninyi mnaoijua Dar ya picha, ya maghorofa, hamtaitambua Dar hii. Ni vilima na mabonde, nyumba ambazo hazijapigwa lipu zenye mageti ya gharama, migomba na matanki ya maji. Pikipiki ilipanda kila kilima kwa gia ya pili bila kulalamika. Nakiri kwamba niliimba. Wanawake waliokuwa wakichagua nyanya kando ya barabara waligeuka kunitazama, nami nikanyoosha mgongo.

Kinyerezi nilisimama ili injini ipoe. Mitambo ya umeme wa gesi ilikuwa ikivuma ng'ambo, na vijana wa bodaboda walinizunguka kabla sijavua kofia.

"Shikamoo mzee. Chuma hiki cha mwaka gani?"

"Marahaba. Kimekuzidi umri."

"Kimemzidi na mama yake," akadakia mwingine. "Mzee, ukikiuza niite mie kwanza."

"Hakiuzwi."

"Aah, mzee wangu, kila kitu kinauzwa. Ishu ni nani anauza."

Wakacheka, nami nikacheka, lakini neno lile likanikaa. Nilinunua chai kwa mama mmoja mwenye meza pale kijiweni, nikakaa kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza tangu niinunue pikipiki ile nikairuhusu siku ya ununuzi inirudie yote.

Aliyeniuzia hakuwa mwenyewe. Mwenyewe, Mzee Shomari, fundi bomba, alikuwa amefariki muda si mrefu. Aliyeuza ni mdogo wake, Bwana Hamisi. Tulisimama uani, yeye akiwafukuza kuku, mimi nikilifuta tangi vumbi kwa kiganja. Ndani ya nyumba alikuwamo mjane, amekaa eda. Nimeishi Dar miaka mingi na nimezika na majirani Waislamu wengi. Najua kwamba mwanamke aliye edani anakaa ndani kwake miezi minne na siku kumi, na hatoki kuja kujadiliana na wanaume wasiomhusu. Hakuna aliyepaswa kunifundisha.

Tulipokuwa tukipatana bei, mtu aligonga mwimo wa mlango kutoka ndani. Akagonga tena. Kisha sauti ya kike, ya chini, ikasema, "Shemeji. Shemeji, hebu."

Bwana Hamisi hakugeuka. "Wanawake wakifiwa huwa na mengi," aliniambia.

"Na kadi?"

"Kadi anayo yeye. Akitoka eda njoo uchukue."

Nikaharakisha kumpa pesa. Naliandika jambo hili kama lilivyokuwa: sikuharakisha kwa sababu sikusikia. Niliharakisha kwa sababu nilisikia.

Kutoka Kinyerezi nilipita Segerea na Tabata, nikaingia Vingunguti jua likiwa limeshaanza kuuma. Huhitaji kibao kukwambia umefika. Harufu ya machinjio hukutangulia, kisha mbuzi, kisha watu waliobeba ngozi begani kama makoti. Nilivuka barabara ya uwanja wa ndege, nikapenya Yombo kwa vichochoro, na kabla ya adhuhuri nikawa mbele ya nyumba ile ya Tandika, yenye baraza la saruji nyekundu.

Sikuwahi kupiga hodi. Nilikuwa bado sijazima injini pazia lilipofunguliwa na mama mmoja akatoka, mtu mzima, amejifunga kanga mbili, anachechemea sana, mguu wa kushoto ukiwa mfupi kuliko wa kulia. Uso wake ulikuwa umechangamka. Nyuma yake alikuja binti mwenye mtoto mgongoni, ambaye baadaye nilimjua kwa jina la Rukia.

"Nimeijua sauti," alisema yule mama. "Nilikuwa jikoni. Nikasema, ile ni yetu."

Nilijitambulisha. Naye akasema yeye ni Bi Zuhura, mjane wa Shomari, na kwamba shemeji yake Hamisi yuko Kilwa kwenye shughuli zake. Alinikaribisha kwa maneno yote ya kukaribishia mgeni, lakini macho yake hayakuwa kwangu. Alipitisha mkono juu ya tangi, juu ya siti mpya, akatabasamu.

"Imependeza. Kama bibi harusi. Unaweza kuishika nikae kidogo tu? Haiendi mahali."

Nikaishika usukani. Bi Zuhura akaja upande wa kushoto, akaweka mkono kwenye siti bila kutazama chini, akainua ule mguu mfupi kama mtu apandaye kitandani kwake gizani. Mguu ukakanyaga hewa. Alianguka ubavu kwenye pikipiki, na Rukia, pamoja na mtoto mgongoni, akamdaka kwapani.

Aliinama, akatafuta kwa mkono pale chini, akapapasa fremu niliyoipaka rangi vizuri.

"Kiko wapi?"

"Kipi, Bi Zuhura?" nilimuuliza, ingawa nilishajua.

"Cha kukanyagia."

Rukia ndiye aliyenieleza, wakati mama yake akijikokota kwenda kukaa barazani. Mguu wa Bi Zuhura ulikuwa hivyo tangu utotoni. Baba yao alipoinunua pikipiki alimwita mkewe, akamsimamisha kando yake, akakata bomba na kulichomelea mara tatu mpaka likamfaa, ili apande mwenyewe pasipo kushikwa na mtu. Miaka yote walikwenda hivyo, sokoni, hospitali, kwa dada yake Mbagala.

"Na bodaboda?" niliuliza.

"Bodaboda wananinyanyua kama gunia la mkaa," Bi Zuhura alijibu mwenyewe kutoka barazani. "Mmoja alinambia, bibi, punguza ugali. Nikamwambia mie sili ugali, nala wali. Kijiwe kizima kikacheka. Tangu siku hiyo sipandi." Naye alicheka kidogo, kisha akaacha. "Kwa dada sijafika tangu nitoke eda. Sasa wewe kwa nini ulikitoa?"

"Hakikuwa cha asili."

"Cha asili," alirudia taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani.

Nilivua kofia. Nikamuuliza swali ambalo ningeweza kuondoka bila kuliuliza. "Siku ile, aliyegonga mlango alikuwa wewe?"

"Ni mie. Nilitaka kumwambia shemeji aiache mpaka nitoke. Hakusikia. Na wewe nilidhani hukusikia."

"Nilisikia."

Rukia aligeukia ukutani akajidai anamfunga mtoto vizuri. Bi Zuhura aligeuza macho kwenye pikipiki.

"Ichukue," nilimwambia. "Naiacha hapa hapa. Sidai kitu. Mimi nitarudi na basi."

"Haiwezekani, mzee mwenzangu."

"Ni yako."

"Ilikuwa. Nikiipokea leo, jioni mtaa mzima utauliza imerudije. Nitasema nini? Kwamba mdogo wa marehemu aliuza mali ya mirathi kabla haijagawanywa? Hamisi ndivyo alivyo, lakini siku ya mazishi ndiye aliyeingia kaburini kumpokea kaka yake. Na jina lake ndilo la ukoo wa wanangu. Acha nimsitiri."

Akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na kadi, imefungwa kwenye leso. Akaniwekea mkononi. Nilikuwa nimesafiri kuifuata kadi ile, nimemkwepa trafiki kwa ajili yake, na sasa nilitamani asingenipa.

"Nikikudai, nakudai kitu kimoja tu," alisema. "Kile kikanyagio. Najua bomba ni bomba. Lakini ni kazi ya mkono wake."

"Nitakuletea," niliahidi.

Walinipa wali na samaki wa kupaka, nikala kwa shida. Kisha nikatoka nje nikampigia Masanja.

"Ile takataka?" alisema. "Mzee, si uliniambia niitupe? Alichukua jamaa wa mkokoteni wa vyuma chakavu. Anapelekaga Vingunguti."

Alasiri, kwa hiyo, nilikuwa tena Vingunguti, safari hii katika yadi ya vyuma chakavu. Niliwaeleza wenyewe ninachotafuta. Walitazamana.

"Mzee, unatafuta kipande cha bomba? Hapa kuna mabomba ya Dar nzima."

"Kimepindwa. Kina mpira wa tairi."

"Na mengine kesho yanapakiwa kwenda kuyeyushwa. Haya, tafuta, hatukukatazi."

Nilivua shati la kutokea nikabaki na fulana. Nikapekua. Jamaa mmoja alinionea huruma akawa ananisaidia kuvuta mabati, huku akinitania kwamba hata mahari yake hakuitafuta kwa bidii hii. Karibu na jioni alininyooshea kipande kilichopindwa, kina kutu ya kutosha.

"Chukua hiki, mzee. Yote yanafanana."

Nilikishika. Urefu ulikaribiana. Ningekivisha mpira, ningempelekea Bi Zuhura, angenishukuru. Nilikaa nacho mkononi muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nikakirudisha kwenye rundo. Macho yake huenda yasingejua, lakini mguu ungejua.

Nilirudi Kibamba taa zimeshawashwa. Barabara ya Malamba Mawili ilikuwa ile ile, vilima vile vile, na injini iliimba vizuri kuliko asubuhi. Mimi sikuimba. Kadi ilikuwa mfukoni, na jina lililo juu yake lilikuwa bado Shomari. Mama Neema alinifungulia geti, akaangalia mikono yangu myeusi.

"Kadi umepata?"

"Nimepata."

"Sasa mbona kama umetoka kuzika?"

Nikamsimulia yote tukiwa tumekaa jikoni, hata ule mlango uliogongwa, ambao sikuwa nimemtajia kabla. Hakunilaumu. Alisema tu, "Nilikuambia nimekipenda," akaenda kunipashia maji ya kuoga.

Masanja alichomelea kikanyagio kingine. Kimo chake nilikikisia kwa kukumbuka mahali mguu wa Bi Zuhura ulipokuwa ukitafuta hewani. Nilimpigia Rukia, nikamwambia ukweli, kwamba cha baba yake kimepotea kabisa na kosa ni langu, kwamba nimeweka kingine, na kwamba siku yoyote mama akitaka kwenda Mbagala nitakuja kumchukua. Nilimsikia akimweleza mama yake. Kisha jibu likaja: "Anasema asante. Akitaka atasema."

Nikiulizwa nilijifunza nini katika safari ile, nitajibu hivi. Maisha yangu yote nilijua kwamba hodi hupigwa na aliye nje, na kwamba ni aibu kuisikia usiijibu. Sikujua kwamba kuna siku hodi hupigwa na aliye ndani, asiyeweza kutoka. Nilitendewa heshima ya kupigiwa hodi ile, nami nikahesabu noti.

Jumapili iliyopita nilimwomba Mama Neema apande, twende kanisani. Magoti yake yanazidi kumsumbua. Alitoka na kitenge chake kizuri, akasimama kando ya pikipiki, akakitazama kikanyagio kipya.

"Tangulia," alisema. "Hicho kina mwenyewe."

Akaenda kwa miguu, nami nikaikokota pikipiki kando yake mpaka kanisani. Kila Jumamosi naijaza upepo, naiwasha, naiacha iungurume kidogo. Simu naiweka kwenye mfuko wa shati, sauti juu, hata wakati wa ibada, na mchungaji ameshanionya. Bi Zuhura hajasema bado.