Kaniki na Sindano

Mwanangu wa kwanza alikuwa hata hajaota jino aliposhikwa na homa ile. Ulikuwa msimu wa karafuu, na baba yake alikuwa kambini na wachumaji wenzake, mbali na nyumbani. Tulibaki mimi, mtoto na mkwe wangu, mamake mume wangu, ambaye siku hizo nilimwogopa kuliko majini wote wa Pemba. Nikipika wali, yeye huonja kwa ncha ya kidole, kisha huongeza chumvi mwenyewe, na chumvi hiyo ndiyo iliyonitoa jasho.

Asubuhi hiyo nilikuwa uani nikigeuza karafuu juu ya jamvi, mtoto nimembeba mgongoni kwa leso. Nilihisi mgongo unaniungua, nikadhani ni jua. Ghafla akakakamaa. Nilipomfungua nikaona macho yamepanda juu, yamebaki meupe, na mikono inamrukaruka. Nikapiga ukelele.

"Mama! Mwanangu ana dege..."

Mkwe wangu alitoka mbio jikoni, akaniziba mdomo kwa kiganja chenye unga.

"Weye! Usilitaje jina lake!"

Kwetu degedege halikutajwa mbele ya mgonjwa. Tuliambiwa ni ndege apitaye juu ya mapaa, na ukimtaja umemkaribisha. Mkwe wangu alimlaza mtoto ndani, akamfunika kaniki nyeusi gubigubi, akafunga madirisha, akatia mvuje kwenye makaa ya chetezo. Chumba kikajaa moshi na uvundo. Yeye akisoma dua na kupuliza, mimi nimekaa chini nikiitazama ile nguo nyeusi, nione kama inapanda na kushuka. Nilitaka kuivuta. Nilitaka kufungua dirisha walau kidogo. Sikuthubutu, maana nani mimi, mkaza mwana wa juzijuzi, kumfundisha mwanamke aliyezaa na kuzika?

Baadaye mtoto akalia. Kilikuwa kilio kibovu, cha sauti iliyokauka, nami sijapata kusikia kitu kitamu kama kile. Tulicheka sote wawili, na mkwe wangu akanifinya shavu. Nikaona hapo ndipo pa kusema.

"Mama, tumpelekeni spitali."

Kicheko chake kikakatika.

"Wakampige sindano? Mwana yuno ana mdudu, na mwana wa mdudu hapigwi sindano. Kwani weye hujui yaliyonifika?"

Mdudu ndivyo alivyoliita dege bila kulitaja. Yaliyomfika niliyajua, nani asiyejua? Kabla ya mume wangu kuzaliwa, mkwe wangu alikuwa na binti, binti huyo akashikwa vivi hivi. Alimpeleka spitali, akamshika mwenyewe wakati wa sindano, na mtoto akakata roho mapajani mwake. Tangu hapo kijijini kwetu neno likawa moja, kwamba sindano humaliza mtoto wa dege. Na mimi niliamini. Nisijifanye leo kuwa nilikuwa mjuzi. Niliogopa nyumba, niliogopa na spitali, na mwanangu yuko katikati.

Adhuhuri akashikwa tena. Kaniki, moshi, dua. Safari hii mwili ulipolegea hakulia. Nikamwita. Nikamtekenya unyayo. Nikamtia ziwa mdomoni, maziwa yakamtiririka kidevuni. Mkwe wangu akaifunua kaniki, akaweka sikio kifuani pa mtoto. Kisha akaikunja ile kaniki polepole, akaiweka juu ya kitanda.

"Yungali hai. Vaa buibui lako," akaniambia.

"Twenda wapi, Mama?"

"Waniuliza nini? Vaa!"

Barabarani tulipata lori lililokuwa likipeleka karafuu mjini. Dereva alipomwona mtoto, akatupandisha juu ya magunia. Njia nzima mkwe wangu alimpulizia mtoto dua utosini. Mimi niliweka kidole chini ya pua yake ili nisikie pumzi, na kila lori liliporuka shimoni kidole kilihama, roho yangu ikatoka na kurudi.

Spitali hatukukawizwa. Alikuja tabibu wa makamo mwenye koti jeupe, kashika sindano, akasema kwa upole nimshike mtoto vizuri. Hapo hofu yote niliyoibeba toka asubuhi ikanipanda kichwani. Nilimkumbatia mwanangu, nikarudi nyuma mpaka ukutani.

"Simtoi! Mtaniulia!"

Nilidhani mkwe wangu ataniunga mkono. Akaja karibu, akanyoosha mikono.

"Nipe mie," akasema. "Likiwa la kuwa, na liwe mikononi mwangu. Mie nshazoea kulibeba, mwanangu. Weye usije ukalibeba."

Hilo "mwanangu" lilikuwa la kwanza; siku zote alikuwa akiniita "weye" tu.

Nikampa. Alikaa kwenye benchi, akamlaza mtoto mapajani, akamfunua paja, akalikamata kwa mikono miwili. Mimi niligeukia ukuta, nikaziba masikio, kwa hiyo mtoto alipolia sikumsikia. Yule tabibu ndiye aliyenigusa bega. Nilipogeuka, mwanangu alikuwa akilia kwa nguvu zake zote, na mkwe wangu analia kumshinda, bado amelikamata lile paja, kama hajaambiwa kwamba sindano imekwisha.