Nyuzi Mbili za Saidati

Wazee wa mtaa wa Waswahili pale Gisenyi wakikumbushana mambo ya mwaka 1956, hawakawii kumtaja Faradji, fundi cherehani. Ah, siku zile! Ikikaribia Idi, baraza yake ilijaa watu mpaka njiani. Faradji hakujua kuandika hata jina lake, lakini usimdharau. Kila mteja alikuwa na uzi wake wenye mafundo, la bega, la kiuno, la mguu, na nyuzi zote zilitundikwa misumarini ukutani. Ukija baada ya mwaka, anautambua wako bila kuuliza. Atakuambia hata kwamba umenenepa, tena mbele za watu.

Uzi ambao hakuutundika ni wa Saidati, binti yake wa miaka minane, aliyefiwa na mama, na ambaye homa ya utotoni ilimwachia mguu mmoja mfupi. Zake zilikuwa nyuzi mbili, moja kwa kila mguu, maana gauni lake lilikatwa upande mmoja mfupi ili pindo likae sawa. Kila Idi alimshonea gauni zuri kuliko yote ya mtaani. Saidati alilivaa katika chumba cha uani, akazunguka mbele ya baba yake, basi. Wenzake wakipita nyumba kwa nyumba kupokea maandazi, yeye aliwachungulia kwenye tundu la mlango. Faradji alisema anamstiri mtoto. Sisi tuseme ukweli: alikuwa anaona haya, na haya hiyo ilimla moyo.

Mwaka huo akaja Mukarugwiza, muuguzi wa shirika moja la hisani, na daftari kubwa. Daktari wao hakutaka kubahatisha. Alitaka kwanza kujua watoto walemavu wako wapi, na wanakosa nini. Thubutu! Watu walikuwa chini ya Wabelgiji, walijua ukiandikwa daftarini, kodi inafuata. Kila mlango ulijibu hakuna. Faradji naye alijibu hakuna, bila kuinua macho.

Siku ya tatu, Mukarugwiza alirudi barazani akaketi, amechoka.

"Fundi, kesho mi naenda zangu," akasema. "Ku daftari yangu, mutaa huu muzima hauna hata mutoto moja mulemavu. Donc, basi, daktari atapeleka fundi wa viatu Ruhengeri. Kule watu wamesema, watoto wameonekana."

"Viatu gani?"

"Vya soli nene upande moja. Mutoto anasimama sawa, anaenda ku masomo. Lakini tusipojua watoto wako wapi, tutafanya je?"

Faradji akautazama ukuta. Alijua nyumba sita zenye watoto wa nyuzi mbili. Ni yeye aliyewakatia nguo za kuficha. Kunyoosha kidole tu kungetosha. Lakini siri ya mteja ni amana, na angefunuaje ya wenzake huku ya kwake ameifungia uani?

Akaingia ndani. Akatoka amemshika Saidati mkono, mchana kweupe, siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini.

"Andika," alisema. "Saidati binti Faradji. Nilikudanganya, dada yangu. Wallahi, nilikudanganya."

Njia nzima ikasimama. Muhamadi, muuza chumvi wa nyumba ya pili, akamtazama mtoto.

"Kumbe na wewe, Faradji!"

Akaenda kwake, akarudi amembeba mwanawe mgongoni. Kufika magharibi daftari lilikuwa na majina tisa, na mawili hata Faradji hakuyajua.

Fundi wa viatu akaja Gisenyi. Idi iliyofuata, Saidati alivaa gauni jipya na kiatu chake kizito, akatoka nje. Loo! Pindo limekwenda pogo! Faradji alikuwa amekata kwa mazoea, kwa nyuzi zile mbili, akasahau kwamba mtoto sasa anasimama sawa. Watu wakamcheka: fundi mzima, na Idi yote hii!

"Rudi nikurekebishie, mama," akasema.

"Baadaye, baba. Wenzangu wananingoja."

Akaondoka, ko! ko! ko! kuelekea nyumba ya kwanza yenye maandazi. Faradji alilia pale pale mlangoni, mbele ya wateja wake, wala hakujificha. Kisha akaingia ndani, akazitoa nyuzi za binti yake. Mmoja akautupa. Wa pili akautundika msumarini, pamoja na za watu wote.